Paa la Kuficha

Mume wangu hakutaka bati lionekane. Hilo lilikuwa sharti lake la kwanza tulipokaa na mchora ramani, kabla hata hatujataja vyumba vingapi. Alikuwa amezunguka Mbweni na Mbezi Beach akaziona zile nyumba za siku hizi zenye kuta zilizonyooka mpaka juu, pembe kali, hakuna kofia ya bati wala mgongo wa paa. Ukisimama barabarani huoni kinachowakinga wenyewe na mvua. Mafundi wanaliita paa la kuficha. Bati lipo, kenchi zipo, papi za kupigilia bati zipo, ila vyote vimezungushiwa ukuta uliopanda kupita usawa wa bati. Paa lenyewe limelala, mteremko wake haba, na maji yote yanashukia kwenye gata moja refu la zege lililojibanza nyuma ya ukuta, ndipo yatafute bomba la kutokea.

Mimi nimekulia Muheza. Kwetu paa lilikuwa na mteremko wa kumfanya paka afikirie mara mbili, na bati lilitokeza nje ya ukuta kiasi kwamba mgeni aliweza kusubiri mvua ipite akiwa amesimama barazani, viatu vikavu. Maji yalianguka pembezoni yakajichimbia mtaro wao wenyewe kwenye mchanga, mama akatega ndoo. Hakukuwa na gata wala bomba, kwa hiyo hakukuwa na cha kuziba. Niliyasema hayo mbele ya mchora ramani. Nikaambiwa hiyo ni nyumba ya kijijini, na hapa tunajenga Goba.

Nikanyamaza, lakini si kwa kukubali. Hicho kitu anachokionea haya mume wangu, bati la migongo, kilichukuliwa hataza London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, kikaezekwa kwenye mabohari ya bandari kabla hakijafika kwetu. Ile migongo haikuwekwa kwa urembo. Ndiyo inayolipa bati jembamba nguvu ya kubeba uzito, na mabonde yake ndiyo yanayoongoza maji. Ukilificha, halijaacha kuwa bati. Limekuwa bati lisilokaguliwa na mtu.

Fundi aliyekuja kupaua alikuwa mzee wa makamo, mtu wa Korogwe, mpole. Alizunguka kuta, akatazama juu, akauliza swali moja tu: "Ngazi ya kupandia huku mtaiweka wapi?" Baba Watoto akacheka. Nani apande, na kufuata nini? Bati ni jipya, geji 28, lina risiti. Mzee akaguna, akawaita vijana wake wampokelee.

Kwa asiyejua, geji huenda kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. La 28 lina unene wa karibu milimita 0.4, la 30 linakaribia 0.3. Tulinunua bati la maana, na nalitaja mapema ili lisije likabebeshwa lawama zisizo zake. Bati zima halivuji. Panapovuja ni pale linapokutana na kitu kingine: bati lenzake, msumari, ukuta, bomba, au mguu wa mtu.

Doa lilitokea masika ya pili tangu tuhamie, sebuleni, juu kidogo ya televisheni. Mwanzoni lilikuwa dogo, rangi ya chai ya rangi iliyomwagika kwenye kitambaa cheupe, katikati pamefifia na ukingoni pana mstari uliokoza. Baada ya mvua iliyofuata, mstari mwingine ukajichora nje ya ule wa kwanza, kisha mwingine nje ya huo. Maji yakilowesha ubao wa jipsamu husukuma uchafu mpaka yanapoishia, yakikauka yanauacha hapohapo. Mvua kubwa zaidi ikija, mpaka unasogea. Kijana wetu, ambaye shuleni walikuwa wanasoma ramani ya Afrika, alilipokea doa kwa furaha. Kila asubuhi ya mvua alitutangazia nchi mpya: Burundi imeshakuwa Uganda, Uganda sasa inaitaka Sudan.

Nilipanda kwenye stuli nikalitazama kwa karibu. Pembeni mwa doa, mahali ambapo rangi bado ilikuwa nyeupe pee, palikuwa na vidoti vya kahawia visivyozidi punje ya mtama. Vilikuwa vichwa vya skrubu zinazoshikilia jipsamu kwenye mbao, vimeshika kutu mpaka kutu imepenya kwenye rangi. Kutu haiji kwa usiku mmoja. Maana yake unyevu ulikuwa umehamia kule juu zamani, sisi tukiwa chini tunaangalia taarifa ya habari. Nikagonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mbali nikisogea. Pakavu paliitikia. Nilipofika kwenye doa sauti ikafa, na nilipobonyeza, ubao ukaingia ndani kidogo ukabaki na alama ya kidole changu.

Basi kila mtu akawa na maelezo yake. Baba Watoto alisema ni kiyoyozi, ingawa kiyoyozi kiko ukuta wa pili na kwa bei ya umeme huwa kinawashwa wakija wageni tu. Mama mkwe, anayekaa nasi, alisema ni panya, na kwamba mkojo wa panya anaujua. Jirani mmoja, fundi bomba, akaingia, akatazama, akasema ni bomba la tangi la juu, na kwamba anaweza kuanza kesho.

Mimi nilichukua kalenda ya duka iliyoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni nikaanza kuandika. Siku ya mvua naweka alama, na doa likilowa naweka alama nyingine. Kila kimoja kati ya vitu vinavyolowesha dari kina ratiba yake. Bomba likivuja halijali masika wala kiangazi. Linadondosha hata Januari ya jua kali. Jasho la bati, ule mvuke wa jikoni na bafuni unaopanda usiku ukagusa bati lililopoa, hudondoka alfajiri hata kama hakujanyesha. Tundu la paa husubiri mvua, na mara nyingi husubiri mvua ya aina yake: ya upepo kutoka upande fulani, au ndefu ya kujaza kitu kwanza. Kalenda yangu haikuchukua muda kuwaachia huru panya, kiyoyozi na bomba la tangi. Tena ilionyesha jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Manyunyu ya kutwa hayakufanya kitu, ila mvua kubwa ya dakika chache ilitosha kulowesha.

Masika yakapita, doa likakauka, na nyumba nzima ikalisahau. Hapa ndipo paa linapowashinda watu wengi. Likivuja huwezi kupanda, na ukiweza kupanda halivuji.

Nilisisitiza mpaka akaletwa fundi. Alikuja kiangazi na bunduki ya silikoni kiunoni, hana kingine. Akauliza doa liko wapi, akapima kwa macho, akapanda, akaenda moja kwa moja mpaka juu ya doa, akapaka. Tulimsikia akitembea, kila hatua ikipiga bati. Akashuka akijifuta mikono. "Hapo mama, hata ije gharika ya Nuhu." Akalipwa, na Baba Watoto akapaka dari rangi mpya siku hiyohiyo. Nilimwomba asubiri mvua, kwa sababu doa ukilifuta unafuta na ushahidi wake. Hakusubiri.

Vuli ya mwaka huo ilikuwa ya 2023, ile ya El Niño. Doa la sebuleni lilirudi likavaa rangi mpya, na koridoni likatokea jingine.

Nina ugomvi na mafundi wa silikoni, na nitautoa hapa. Kwanza, silikoni haishiki kwenye vumbi wala kutu. Bila kusugua na kufuta, unapaka uchafu. Pili, bati haliachi kutembea. Chuma hurefuka kikipata joto, na bati la mita 6 likitoka kwenye baridi ya alfajiri likaingia jua la saa nane, tofauti ya nyuzijoto 40 hulirefusha karibu milimita 3, jioni likarudi. Kwenda na kurudi huko kila siku ndiko kunakong'oa misumari taratibu na kupanua matundu yake, na ndiko kunakobandua kila kilichopakwa bila maandalizi. Tatu, na hili ndilo kubwa, maji hayaanguki wima kutoka kwenye tundu mpaka kwenye doa. Tone likipenya kwenye tundu la msumari hung'ang'ania tumbo la bati, linateleza na mteremko mpaka likutane na papi, linaifuata papi mpaka kwenye fundo au ncha ya msumari, hapo ndipo linadondoka juu ya jipsamu. Juu ya jipsamu nako lina safari yake mpaka kwenye kiungo au tundu la taa. Tundu na doa vinaweza kuachana kwa mita kadhaa. Anayesimama juu ya doa na kupaka, anapaka mahali pasipo na kosa. Tundu hutafutwa kuanzia doa kwenda upande wa juu wa mteremko, kamwe si upande wa chini.

Aprili 2024 ndiyo ilituvua nguo. Zilikuwa mvua zilezile zilizozamisha mashamba Rufiji, na Goba yetu ya milimani maji yalipita barabarani yakibeba mawe. Usiku wa manane niliamshwa na mlio wa tone likipiga kitu kisichokuwa na kawaida ya kupigwa. Nikawasha taa ya koridoni. Sebuleni, ubao wa jipsamu ulikuwa umetuna kwenda chini, umevimba, rangi imenyooka na kung'aa, na kutoka kwenye tundu la taa ya katikati maji yalikuwa yanashuka uzi mmoja mwembamba.

Baba Watoto alikimbilia televisheni. Kijana alikimbilia simu apige picha. Mama mkwe alitoka chumbani amejifunga kanga kifuani, akatazama mara moja tu. "Zimeni umeme kwanza," akasema. "Swichi kubwa, siyo hiyo ya ukutani." Nikaishusha swichi kubwa. Kwa mwanga wa simu akaagiza beseni kubwa la kufulia liletwe chini ya uvimbe, na ndoo mbili kando. Kisha akaomba bisibisi na kamba, akaifunga kwenye mpini wa ufagio mrefu, akasimama pembeni ili asiwe chini yake, akalenga pale palipotuna zaidi.

"Mama! Unatoboa dari!"

"Dari imeshatoboka, baba. Mimi nachagua tu mahali."

Akachoma. Maji yakaja kwa mkupuo, meusi, yana kutu na vipande vya majani, yakajaza beseni tukalivuta, yakaanza kujaza ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa jinsi tulivyomwaga usiku ule, juu ya vichwa vyetu palikuwa na uzito wa mtu mzima amelala kwenye ubao uliolowa. Uvimbe ukanywea mbele ya macho yetu. Baadaye kiliporomoka kipande kimoja tu, chenye ukubwa wa mkeka wa kuswalia, na sebule yote ikabaki. Yule mama angekuwa amelala kwa shemeji yangu Tanga wiki hiyo, ingeshuka dari nzima pamoja na taa.

Tulipomuuliza amejifunzia wapi, alitushangaa. Ameolewa Mji Mkongwe, Unguja, akaishi miaka mingi kwenye nyumba ya mawe. Zile nyumba za kale sakafu na paa zake ni mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Chokaa ya paa inataka kupakwa na kupakwa tena. Ikiachwa ikapasuka, maji yanaingia, na boriti inaanza kuoza kwenye ncha, pale ilipofukiwa ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Wengi waliamua kuezeka bati juu ya paa la zamani. "Sisi kule," alisema akikamua tambara, "masika yakikaribia, mwanamume wa nyumba yuko juu. Hapa kwenu masika yakikaribia mnanunua miavuli." Jumba la Beit al-Ajaib la hukohuko, lililosimama tangu 1883, sehemu yake ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, mama mkwe hakula siku hiyo. Alikuwa amepita mbele yake tangu akiwa bibi harusi.

Hatukupata nafasi ya kupumua. Siku chache baadaye Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaanza kutoa taarifa za Kimbunga Hidaya, kilichokuwa kinakuja kutoka baharini kuelekea pwani yetu. Mafundi wote waliadimika. Tulitandika turubai juu ya bati, tukalikandamiza kwa mifuko ya mchanga iliyowekwa juu ya mistari ya misumari, kwa sababu chini ya mstari wa misumari ndipo papi ilipo na ndipo mtu anaweza kukanyaga bila kulibonyeza bati. Kimbunga kilifika nchi kavu tarehe 4 Mei upande wa Mafia, kikaishiwa nguvu. Kwetu turubai lilipigapiga usiku kucha, hakulala mtu, lakini lilishika.

Yule fundi mzee alikuwa amestaafu, amerudi Korogwe kulima machungwa. Akatutumia mmoja wa vijana waliokuwa wakimpokelea bati, sasa fundi kamili mwenye vijana wake. Aliamkia wakubwa, akakaa, akaomba kuona kalenda, maana nilikuwa nimemtajia kwa simu. Akaisoma kimya. "Mvua ndogo haileti kitu, mama?" Haileti. "Basi kuna mahali panajaa kwanza."

Hakupanda juu. Aliingia darini saa sita mchana, taa zote zimezimwa, akakaa gizani mpaka macho yazoee. Paa lililotoboka hujisaliti lenyewe saa hiyo, kwa sababu jua hupita kwenye tundu ambalo kwa nje huwezi kuliona. Tulimsikia akitambaa juu ya kenchi, akiita, na kijana wake akiweka alama kwa chaki. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema mbao zinazungumza: papi kavu ina rangi ya mkate, papi iliyolowa mara nyingi ina michirizi myeusi, na ukiifuata michirizi kwa kupanda unafika ilikoanzia.

Ndipo wakapanda na mpira wa maji. Wakamwagia sehemu ya chini kabisa, ukingoni mwa gata, wakasubiri mtu wa darini aseme. Kisha wakapanda kidogo, wakasubiri tena. Baba Watoto, mwenye haraka zake, alitaka waanzie juu wamalize. Fundi akamwambia ukianzia juu kila kitu kinalowa kwa pamoja, na utashuka ukijua tu kwamba nyumba inavuja, jambo ambalo mama alishakwambia.

Wakosaji walikuwa zaidi ya mmoja, na nitawataja kwa uzito wao.

Mkubwa alikuwa gata. Mwarobaini wetu wa uani, ambao kila mtu anausifu kwa kivuli, ulikuwa umelijaza majani mpaka yameoza yakawa udongo, na kwenye udongo umeota mche wa mwarobaini mwingine. Juu yake kunguru walikuwa wamejenga. Wakazi wa Dar tunawajua kunguru hawa waliofikishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wakasambaa pwani yote. Siku hizi hawahangaiki na vijiti, wanajenga kwa nyaya. Fundi alishusha kiota chenye waya za kufungia nondo, kibanio cha nguo cha plastiki ambacho nilimsingizia dada wa kazi, na mifupa ya bucha. Mwishoni kabisa, kwenye mdomo wa bomba la inchi 3, palikaa mpira wa kijana, umebana sawasawa. Kijana aliupokea akauminya kuona kama bado una upepo.

Hesabu yake fundi aliifanya kwa chaki ukutani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 150. Ikinyesha milimita 50, ambayo kwa Dar ya Aprili si ajabu, ni lita 7,500, na zote zilipangiwa bomba moja lenye upana wa kikombe. Gata likijaa, maji hayarudi mbinguni. Yanapanda mpaka yapite ukingo wa bati na kuingia ndani ya nyumba kwa chini. Ndiyo sababu manyunyu hayakudhuru.

Wa pili ni pale bati linapokutana na ukuta wa kuficha. Palitakiwa kukunjwa kipande cha bati kinachopanda ukutani na kuingizwa kwenye mfereji uliochimbwa kwenye tofali. Badala yake paliwekwa plasta tu. Plasta na bati havirefuki kwa kipimo kimoja, kwa hiyo vikaachana, na ufa wa kuingiza ukucha ukazunguka nyumba nzima. Hili lilikuwa la koridoni.

Wa tatu fundi alisita kumtaja. Akamwita Baba Watoto pembeni, lakini mama mkwe ana masikio. Lilikuwa dishi. Lilifungwa kwa haraka siku moja kabla ya mechi ya watani, Simba na Yanga, na aliyelifunga aliingiza skrubu za mguu wake bondeni mwa bati, kwenye njia yenyewe ya maji, badala ya mgongoni. Tena alitembea katikati ya papi, na kila alipokanyaga bati lilibonyea likaacha kidimbwi. Skrubu zile zilikuwa juu ya mteremko kutoka kwenye doa la sebuleni, mita kadhaa, mstari mmoja na papi.

"Kwa hiyo," mama mkwe alisema, akichambua mchicha, "goli lile tuliloshangilia sisi ndio tuliofungwa."

Kazi yenyewe sina haja ya kuisimulia yote. Misumari iliyolegea iling'olewa, zikaingia skrubu zenye raba, mgongoni. Mguu wa dishi ukahamia ukutani. Bati la kukunja likaingizwa kwenye mfereji wake. Gata likasuguliwa, likarekebishwa mteremko, likapakwa dawa ya kuzuia maji, likapata bomba la pili, na kila mdomo ukavishwa wavu uliotuna, kwa sababu wavu bapa jani moja la mwembe linatosha kuufunika. Matawi ya mwarobaini yakapunguzwa. Ngazi ya chuma ikafungwa ukuta wa jikoni.

Ugomvi ulikuja kwenye tundu la kumwagia. Fundi alisema paa la kuficha lisilo na tundu hilo ni beseni: lazima ukuta utobolewe, chini kidogo ya usawa wa ukingo wa bati, litokeze bomba fupi nje, ili siku gata likizidiwa maji yamwagike nje badala ya ndani. Na litokeze mahali pa kuonekana, kwani likitema maji ndiyo taarifa kwamba chini kumeziba. Baba Watoto alilia na uso wa nyumba yake. Bomba limetokeza ukutani, mbele, watu watasema nini? Nikamwambia watasema hawajaona doa sebuleni kwetu. Nyumba hizi zinapendeza, sikatai, na zikijengwa na gata pana, njia mbili za maji, tundu la kumwagia na mahali pa kupandia, zinakaa kavu. Watu wanachoiga ni sura, na hivyo vingine haviko kwenye picha. Mwishowe waliafikiana tundu liwe ubavuni, upande wa bondeni, karibu na uzio wa jirani. Tukapanga pia zamu za kupanda kusafisha: Februari kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli, na baada ya kila upepo mkubwa. Ya Septemba Baba Watoto alijiandikisha mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye kalenda.

Mvua ya kwanza kubwa ya vuli ilipiga jioni moja tukiwa mezani. Tuliacha kula, tukatazama dari, wote watano. Kavu. Koridoni kukavu. Mume wangu alichukua tochi akatoka barazani, akarudi ameloa uso unang'aa kwa furaha, akatuita tukaone: lile bomba fupi lilikuwa linatema maji kwa nguvu, unene wa mkono, yanaruka mbali kabisa na ukuta wetu.

"Linatema?" mama mkwe akauliza. "Septemba ulipanda?"

Kabla hajajibu, geti liligongwa. Alikuwa jirani wa bondeni, na mwavuli, na kandambili moja mkononi. Baba Watoto alimkaribisha kwa shangwe, akamshika bega, akamwelekeza tochi juu, akaanza kumweleza jinsi kitu kile kinavyofanya kazi: kwamba si bomba la kawaida, ni kengele, likilia mwenye nyumba anajua juu kumeziba.

"Nimekuelewa, jirani," yule bwana akasema. "Ila kengele yenu inalia sebuleni kwangu."